Kiti cha Mbele

Siku Jumadil alipotangaza kwamba atajenga ndege, Anarkul alikuwa uani akipepeta maharage, wala hakujisumbua kuinua macho. Kaka huyu wa mumewe alikuwa ameshatangaza mengi. Alitangaza bwawa la samaki, samaki wakafa kabla hajawaonja. Akatangaza kiwanda cha jibini, na kilichosalia ni kibao cha jina, kimepigiliwa misumari mlangoni mwa zizi. Anarkul aliitia ndege katika fungu hilohilo, akaendelea kupuliza makapi.

Ila safari hii kulikuwa na michoro. Karatasi themanini na nne zilifika ndani ya bomba la plastiki, kutoka kwa fundi mmoja wa nchi ya Wacheki. Zilikuwa za ndege ndogo ya watu wawili, ya mabomba ya alumini na kitambaa. Karatasi ya kwanza ilisema kwamba mtu yeyote mwenye mikono miwili na subira anaweza kuijenga bandani kwake. Mikono miwili Jumadil alikuwa nayo. Tena alikuwa na mingine miwili ya bure, ya mdogo wake Kubat, mume wa Anarkul.

Banda nalo lilikuwepo. Pembeni mwa kijiji kulikuwa na kiwanja cha zamani ambako, enzi za shamba la ushirika, ndege zilikuwa zikipaa kwenda kunyunyizia mimea dawa. Sasa watu walianika maharage kwenye njia ya kurukia, na ng'ombe walijikuna kwenye nguzo ya taa. Anarkul aliingia banda lile mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na saba, kufanya kazi katika chumba cha vitambaa chini ya Fundi Lidia, mjane wa Kijerumani ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisifu kitu. Mabawa ya ndege zile yalivikwa kitambaa, na kitambaa kilishonwa kwa mkono. Mshono ukienda upande, Lidia aliufumua mbele yako bila kusema neno, na wewe ukaanza upya. Na kila ndege ilipopakwa rangi, hata kidogo, aliagiza ipimwe uzito, gurudumu baada ya gurudumu. Rangi ina uzito, alisema, na uzito wa mkiani haulali usingizi.

Kubat alikuwa rubani wa ndege hizo kwa miaka tisa. Aliruka chini sana juu ya mashamba, magurudumu yakarudi na umande. Alipita chini ya nyaya za simu kwa sababu tu kulikuwa na wasichana barabarani, na mmoja wao alikuwa Anarkul, na kwa upumbavu wa ujana aliamini kwamba mtu asiyeogopa nyaya haogopi kitu. Baada ya harusi akagundua. Kubat alimwogopa Jumadil. Jumadil alisema uza farasi, farasi akauzwa. Jumadil alimchagulia mtoto wa kwanza jina. Shamba la ushirika lilipovunjika na ndege zikachukuliwa, Jumadil alisema panda trekta, na Kubat akapanda trekta, miaka ishirini. Kila mara jibu lake lilikuwa moja: "Sawa, kaka." Anarkul alikuwa amelisikia kwa miaka ishirini na sita na lilikuwa limemkinaisha kama mafuta baridi.

Ujenzi ulichukua majira mawili ya baridi. Kubat alikata mabomba, akatoboa, akakaza bolti. Jumadil alikaa kwenye kiti karibu na jiko, birika pembeni, akitoa amri na kujipiga picha. Michoro ilisomwa na Mwalimu Tilek, aliyefundisha Kijerumani shuleni, maana yule Mcheki alikuwa ameandika kwa lugha mbili. Tilek alikuwa mtu wa kuomba radhi kabla ya kukohoa.

Siku walipofika karatasi ya kumi na moja, yenye viti, Anarkul alikuwa amewaletea chakula cha mchana.

"Viti viwili, kimoja nyuma ya kingine," Tilek akasoma. "Rubani anakaa mbele, abiria nyuma yake. Akiruka peke yake, rubani lazima akae mbele."

"Soma tena," Jumadil akasema.

Akasoma tena.

"Yaani nimwalike Mzee Orozbai, mtu aliyekuwa mkuu wa wilaya hii, halafu Kubat ampe mgongo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mzee. Samahani."

"Kwani huko kwao hawana wazee?"

"Nadhani wanao."

"Basi hawawaheshimu. Mkubwa hukaa mbele. Kwenye gari mbele, kwenye mkokoteni mbele. Sisi si watu wa kumweka mzee kisogoni kama gunia." Akamgeukia mdogo wake. "Usukani uhamishie nyuma. Pedeli, vyuma vya injini, vyote. Kiti cha mbele ni cha mgeni."

Kubat akatoka chini ya bawa akifuta mikono. "Kaka, injini iko juu, nyuma ya viti. Anayeisawazisha ni mtu wa mbele. Ni kama mizani."

"Na mtu wa mbele atakuwepo. Mzee Orozbai ana kilo mia na kumi. Atakusawazisha wewe na injini na ukoo wako wote."

"Siku ya kujaribu je?"

"Kujaribu nini? Imejengwa kwa michoro. Wenyewe walishajaribu." Jumadil akamega mkate. "Hata hivyo, bibi harusi hafunuliwi shela kabla wageni hawajaja na zawadi ya kumwona. Itaruka mara ya kwanza siku yangu, mbele ya watu. Utapaa wewe kwanza, uzunguke mara moja, ushuke, umpandishe Mzee."

Siku yake ilikuwa ya kutimiza miaka sitini na moja, umri ambao watu wa bonde la Talas hawaupitishi kimyakimya, na Jumadil hata umri wa hamsini na mbili hakuupitisha kimyakimya.

Anarkul alimtazama shemeji yake kama anavyotazamwa mbuzi aliyepanda juu ya meza. Kisha akamtazama mumewe. Alijua neno linalokuja, na likaja.

"Sawa, kaka."

Ilipofika zamu ya kitambaa, Jumadil alikuja mwenyewe kumwita. Hakuomba. Alisema tu kwamba kazi ya kike imefika.

"Nitashona," Anarkul akajibu. "Nikimaliza uipime. Gurudumu baada ya gurudumu. Mizani ya sufu ninayo."

"Mke wa mdogo wangu, hiki si kifurushi cha manyoya."

"Manyoya hayampandishi mtu angani, shemeji, lakini tunayapima."

Jumadil alicheka mpaka akashika mbavu, akaenda kuwasimulia watu. Kwa wiki nzima kila aliyekutana na Anarkul dukani alimwuliza kama ameshapima mbu.

Alifikiria kukataa. Alifikiria pia kushona ovyo, ili kazi ifumuke na siku ipite. Lakini alipokaa na sindano, mikono ilikataa kufanya ujinga. Ilishona kama Lidia anatazama: fundo, nafasi ya vidole viwili, fundo. Alinyoosha kitambaa kwa pasi mpaka kikalia kama ngoma. Alijiambia kwamba kama kuna kitu kitamuua mumewe, hakitakuwa uzi wake, na wazo hilo halikumfariji hata chembe.

Jumadil naye alifanya kazi, kwa mara ya kwanza. Alipaka mkia rangi. Alichora jua lenye miale arobaini, akapaka tabaka la pili, na la tatu kwa sababu mwale mmoja ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake. Akafunga kwenye ncha ya mkia shungi la manyoya marefu ya ng'ombe wa milimani, la kufukuza macho mabaya. Baada ya hapo ndege ilikaa na kigoda chini ya mkia, na Jumadil akasema ni ili rangi isichubuke.

"Una wivu tu," Burul, mke wa Jumadil, alimwambia Anarkul walipokuwa wakikanda unga wa maandazi ya sherehe. "Mumeo ataonekana na watu, wewe umenuna."

"Ataonekana, dada. Hata maiti huonekana na watu wengi."

"Ulimi wako utakuua."

"Heri unione mimi nikifa kwa ulimi wangu kuliko Kubat afe kwa ulimi wa mumeo."

Burul akapiga donge la unga ubaoni.

Siku tatu kabla ya sherehe, wanaume walipokwenda kumchinja farasi, Anarkul aliingia bandani peke yake. Akaondoa kigoda, akapanda, akajishusha taratibu kwenye kiti cha nyuma, pale palipohamishiwa usukani. Hakuwahi kufika chini. Pua iliinuka kiuno chake kingali hewani, gurudumu la mbele likaachana na saruji, na mkia ukaenda kugonga chini nyuma yake. Akabaki ametazama mabati ya paa. Yeye alikuwa na kilo sitini. Kubat alikuwa na themanini.

Alimwambia asubuhi iliyofuata, akikamua ng'ombe, Kubat amesimama na ndoo.

"Nimekikalia kiti chako."

"Pua ikapanda?"

Hapo ndipo aliposhikwa na hasira kweli, kwa sababu hakuuliza kama mtu anayesikia habari. "Kumbe unajua."

"Injini iko juu. Ikishika nguvu inasukuma pua chini. Kaka anasema itanyooka ikianza kukimbia, na hapo hajakosea."

"Na ikizima?"

Maziwa yalilia ndooni. Kubat aliangalia maziwa.

"Kubat. Ikizima?"

"Pua itapanda."

"Halafu?"

"Unajua."

"Najua. Nataka unitamkie wewe."

"Itasimama hewani, itaanguka kwa mkia." Alisema kama anayemtajia mtu bei ya viazi. "Nitamwomba tufunge gunia la maharage kiti cha mbele. Kilo sabini, inatosha."

"Utamwomba."

"Ni kaka yangu, Anarkul."

"Ulipita chini ya nyaya za simu bila kumwomba mtu."

"Nilikuwa kijana."

"Hapana. Nyaya hazikuwa na tumbo wala sauti." Akainuka na kigoda chake. Alimwona mumewe amesimama pale, mpana wa mabega, mvi zimeanza vizuri, na akamdharau hata akaona haya, maana ni vibaya mtu kumdharau anayemwombea asife.

Sherehe iliangukia siku isiyo na wingu. Watu themanini walikaa kwenye mazulia yaliyotandikwa juu ya kiwanja, wazee juu kabisa, mahali pa heshima, vijana chini. Moshi wa masufuria ulipanda wima kama kamba. Ndege ilisukumwa nje ikiwa imefunikwa shuka jeupe, kigoda kinaburutwa chini ya mkia na mpwa mmoja aliyeinama, na iliposimama Jumadil akavuta shuka. Wageni wakasogea mmoja mmoja, wakafunga vitambaa vyao vya zawadi kwenye bomba la pua, wakasema mashallah. Mzee mmoja akaligonga bawa kwa ukucha akasema limekaza.

Mzee Orozbai alikuwa amekaa mahali pa juu, kofia nyeupe ya sufu kichwani, kichwa cha kondoo mbele yake, masikio yake mwenyewe mekundu kwa kinywaji. Alikuwa ameacha ukuu wa wilaya miaka kumi iliyopita, lakini tumbo lilikuwa bado kazini.

Anarkul alikuwa kwenye masufuria. Kutoka hapo alimwona Kubat akimsogelea kaka yake karibu na bawa, mkono kwenye gunia lililojaa. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Gunia?" Jumadil alisema kwa sauti ya chini yenye meno. "Kwenye nafasi ya Mzee? Anatazama! Watasema mpaka nife: Jumadil aliita wazee, akarusha maharage."

"Mzunguko mmoja tu, kaka. Nikishuka tunalitoa."

"Panda."

Na Kubat akaliachia gunia. Akavaa kofia ngumu ya pikipiki. Akainua mguu, akaingia kiti cha nyuma, na yule mpwa akavuta kigoda.

Ndege ikakaa kitako. Haikuanguka, ilikaa tu, kama mbwa anayesubiri mfupa, pua angani, vitambaa vya zawadi vinaning'inia, shungi la manyoya limelala vumbini. Kubat alionekana magoti juu, amelazwa chali kama mtoto kwenye beseni.

Kisha bibi mmoja kutoka upande wa wanawake akasema, "Maskini, imechoka kabla ya safari," na kicheko kikapita kwenye mazulia kutoka chini kwenda juu, kikasimama kwa adabu kilipowafikia wazee.

Jumadil alikuwa na rangi ya ini. Lakini mdomo haukumwacha. "Ndivyo ilivyotengenezwa," akawaambia watu. "Inamsubiri mgeni wake. Mzee Orozbai, karibu nafasi yako. Ukikaa wewe itanyooka."

Macho ya watu themanini yakamgeukia Mzee. Mzee akatafuna, akameza, akafuta masharubu.

"Nashukuru sana, Jumadil. Heshima kubwa. Lakini nikiwepo mimi, na Mzee Kalmurat yupo? Kanizidi mwaka mzima. Sitathubutu kumtangulia."

Mzee Kalmurat, aliyekuwa na kilo hamsini pamoja na buti, akaweka mkono kifuani. "Umri si kitu. Wewe ulikuwa mkuu wetu. Nikikaa mbele yako hata kaburi litanikataa."

"Ndugu yangu, umri ndio kila kitu."

"Cheo, ndugu yangu. Cheo."

"Basi tumpe aliyetoka mbali. Mgeni wa mbali ndiye mkubwa. Shangazi ametoka mji mkuu, Bishkek."

"Mimi nimekaa vizuri hapa," shangazi wa Bishkek akasema upesi.

Hata kugombea nafasi ya juu kwenye harusi hakujawahi kuwa na ukali kama ule wa kuikataa. Watu waliokuwa wakinuniana miaka kumi kwa sababu mmoja aliketishwa chini ya mwenzake sasa walisukumiana heshima kama kaa la moto. Mzee Orozbai akakumbuka shinikizo la damu. Mzee Kalmurat akakumbuka goti. Anarkul, mwiko mkononi, aliwatazama wote na kuona kwamba hakuna hata mmoja asiyejua. Kila mtu pale aliona wazi kwamba kitu kile ni jeneza lenye mabawa, na kila mtu alikuwa radhi Kubat alipande, mradi asiombwe kuandamana naye.

"Basi!" Jumadil akasema. "Ruka peke yako. Ninyi vijana wanne, ishikeni pua ikae chini. Akiwasha na kushika kasi, achieni. Itanyooka."

Vijana wakatazamana, wakaenda, wakaibonyeza pua. Kubat akashushwa pamoja nayo. Kupitia kioo cha plastiki Anarkul aliona uso wake. Haukuwa uso wa mtu anayeogopa. Ulikuwa uso wa mtu anayekwenda kulima. Mkono ukaenda kwenye swichi.

Anarkul aliweka mwiko juu ya kifuniko cha sufuria, akajifuta mikono kwenye aproni, akatoka upande wa wanawake. Alikata katikati ya mazulia, mbele ya wazee, jambo ambalo mke hafanyi, na kila aliyemwona alidhani anakwenda kumpa mumewe kitu alichosahau. Alipofika kwenye ndege, akawaambia vijana wasogee. Akapandisha sketi kidogo, akakanyaga bomba, akaingia kiti cha mbele. Kilikuwa na mto wa hariri. Akaketi juu ya mto.

Vijana waliachia pua. Pua ikabaki chini. Ndege ikakaa sawa, kama meza.

"Anarkul," Kubat akasema nyuma yake. "Toka."

Hakugeuka. Alitazama mbele, njia yote ya kurukia, nyasi zilizoota kwenye nyufa, na mwisho kabisa miti ya mipopla na milima. Kiti kile kilikuwa na mandhari nzuri, hilo Jumadil alistahili kusifiwa.

"Nimeketi," akasema. "Nafasi ilikuwa tupu."

"Mke wa Kubat!" Jumadil alikuwa amefika, anahema. "Una wazimu? Hapo ni mahali pa—" Alikuwa ameona jinsi ndege ilivyokaa. Akaiangalia kuanzia pua hadi mkia, akawaangalia wageni waliokuwa wameacha kucheka, na Anarkul akaona kwa pembe ya jicho mahesabu yakipita usoni mwake kama kuku wanaovuka barabara. "Basi vizuri," Jumadil akasema. "Vizuri sana. Si unaona, Kubat? Imenyooka. Rukeni hivyohivyo."

"Naye ndani?" Kubat akauliza.

"Naye ndani. Mzunguko mmoja. Mke na mume, watu watapenda."

Hata vijana wanne waliinamisha vichwa. Dakika moja kabla, gunia la maharage lilikuwa aibu kwa kiti kile. Sasa mama wa watoto watatu alifaa kuwa gunia.

"Haya, shemeji kasema," Anarkul akasema, akavuta mkanda, akaufunga kifuani. "Washa."

Nyuma yake alisikia miguu ya Kubat ikitoka kwenye pedeli.

"Washa, Kubat. Mkanda nimefunga. Mshono ni wangu, naujua."

"Siwezi kukurusha na hiki kitu."

"Kwa nini? Si kizima?"

"Sijaruka miaka ishirini. Hakijapimwa. Rangi ile ya mkiani sijui ina kilo ngapi. Hata wewe ukikaa hapo sijui kitafanya nini." Alikuwa akiongea haraka, kwa sauti ya yule kijana wa zamani aliyekuwa akigombana na mafundi kwenye banda hili. "Siwezi kukupandisha hewani kwa kubahatisha."

"Lakini wewe ulikuwa unakwenda."

Akamsikia akihangaika na kamba ya kofia.

"Mimi usiniue, ila mimi nikae pale kwenye masufuria nikutazame ukijiua. Hayo ndiyo mapenzi uliyoniwekea?" Hakupandisha sauti. "Washa, au ushuke. Mimi sitoki hapa mbele yako."

"Kubat!" Jumadil akapiga bawa kwa kiganja. "Watu wanasubiri."

Anarkul alisikia kitu kikibofywa. Ilikuwa swichi, na masikio yake yalisubiri injini. Injini haikulia. Akasikia mkanda ukifunguliwa, kisha mabomba yakalia Kubat alipoinuka, kisha buti mbili zikagusa saruji.

"Siruki, kaka," Kubat akasema.

"Unasemaje?"

"Siruki. Kiti kiko pabaya. Usukani ulitakiwa uwe mbele. Nilijua tangu siku ile."

"Mwanamke amekushusha ndegeni. Mbele ya watu wote hawa."

"Ndiyo," Kubat akasema. Akavua kofia ngumu, akaiweka kwenye kiti cha nyuma. "Kama unataka kupanda wewe, nitakushikia pua."

Jumadil alitazama kiti. Mkono wake ukapanda mpaka kwenye bomba, ukalishika, ukakaa hapo kama unaopima joto. Kisha ukashuka, ukaenda kurekebisha kofia.

Wakarudi kwenye mazulia, maana nyama ilikuwa tayari, na nyama ya farasi haisubiri ugomvi wa watu. Anarkul akarudi kwenye masufuria. Burul akampa kigoda bila kumtazama usoni.

Watu walipokwisha kula raundi ya kwanza, Jumadil akasimama na glasi yake. Alikuwa ameshajipanga. Akasema kwamba ndege iko tayari kabisa, kila mtu ameiona kwa macho yake, lakini rubani mwenye busara husoma anga, na leo upepo umekuwa mkali ghafla. Itaruka siku tulivu.

Moshi wa sufuria ulikuwa umesimama wima. Hata shungi la manyoya mkiani halikutikisika unywele.

"Upepo mkali," Mzee Orozbai akakubali, akachukua mfupa.

"Wa kutoka mlimani," Mzee Kalmurat akasema. "Huu ndio mbaya."

"Niliusikia tangu asubuhi," shangazi wa Bishkek akasema, akajifunga leso vizuri.

Mwalimu Tilek aliinamia tambi zake kama zimeandikwa kitu. Jumadil, akiwa ameanza kupata rangi yake ya kawaida, akageuka kumtafuta mdogo wake. Kubat alikuwa amekaa chini kabisa, karibu na viatu, anapokaa mtu asiye na la kusema.

"Au siyo, Kubat? Wewe ndiye unayejua upepo. Waambie."

Anarkul akaacha kuchota. Alimwona mumewe akimeza tonge, akinywa mchuzi, akiweka bakuli chini. Alimjua. Alijua jinsi neno lile linavyoanzia begani, bega linavyoshuka kidogo kabla halijatoka.

"Hakuna upepo, kaka," Kubat akasema.

Mtu mmoja aliomba chumvi. Jumadil alisimama na glasi yake iliyoinuliwa, akitafuta mahali pa kuiweka, na mwisho akainywa na kukaa.

Zamu ya chai ilipofika, Anarkul alibeba birika mwenyewe. Katika bonde lile mgeni unayetaka aendelee kukaa humiminiwa nusu bakuli, tena na tena. Anayejaziwa tele ameambiwa anywe aondoke. Aliwapitia wazee mmoja mmoja, nusu, nusu, nusu, akiinama kama inavyopasa. Hakuona kama wanastahili, lakini hakutaka kubishana na kila mtu kwa siku moja. Alipofika kwa Jumadil, mwenye shughuli, kwenye zulia lake mwenyewe, alimimina taratibu, akaendelea kumimina, mpaka chai ikasimama ukingoni na kushika kidole chake.

"Karibu, shemeji," akasema.